Nyumba Isiyochotewa Maji

Jumapili ya mwisho ya Mei, jioni. Upepo wa kusini umeamka tangu asubuhi, ziwa limekunja uso, nami nimekunja wangu. Mvua zimekwisha. Nimeanika sare zangu mbili nyuma ya nyumba, zikakauka kabla sijamaliza kufua soksi. Nimekunywa chai peke yangu. Kikombe cha pili nimekimimina na kukiacha kipoe mezani, kwa mazoea ya kijinga ambayo nitayaeleza huko chini.

Niseme moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitajihurumia na kuishia njiani.

Kwa miezi minane nimekuwa nikiidanganya mashine.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza (kawaida wasomaji wangu ni watatu, na mmoja wao ni rafiki yangu Sabina), mimi ni nesi wa zahanati katika kijiji cha ufukweni, si mbali na Mbamba Bay. Nimezaliwa Kitura, kule juu kwenye kahawa na baridi. Watu wa huku ziwani hunitania kwamba sisi wa milimani tunaogopa maji hata ya kuoga. Nami huwajibu kwamba wao wakikiona kilima huanza kuulizia mtumbwi. Tunacheka sana. Lakini utani huo huishia zahanati, nyumbani kwangu haufiki.

Na nyumbani kwangu ndiko kwenye habari.

Serikali ilitoa fedha za kujaribu nyumba zinazotengenezwa kiwandani kwa roboti na akili mnemba, nyumba za watumishi wa vijijini, walimu na sisi wa afya. Injinia wa mradi alinionyesha video kwenye simu yake: mikono ya chuma inakata, inapanga, inaunga kuta, na hakuna mtu anayetokwa jasho. Programu ya kompyuta ilipewa vipimo vya kiwanja changu, joto la huku na upepo wa ziwa, ikaamua yenyewe dirisha likae wapi. Septemba iliyopita malori matatu yalishuka zile kona za kutoka Mbinga na nyumba yangu mgongoni, vipande vipande, na winchi nyuma yake. Siku ya pili jioni nikakabidhiwa ufunguo.

Ni nyumba nzuri. Nasema mapema nisije nikaeleweka vibaya. Haivuji, haina ufa, na dirisha la mashine limekaa mahali ambapo fundi yeyote angeliweka kama angeishi humu miaka kumi. Kabla yake nilipanga chumba ambacho popo walikuwa wapangaji wa zamani kuliko mimi. Usiku wa kwanza nililala kwenye godoro jipya nikasema Mungu amenikumbuka.

Kwa kuwa nyumba ni ya majaribio, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, napigiwa simu. Anayepiga ni sauti ya mwanamke asiyekuwepo. Kiswahili chake kimenyooka kama cha msoma taarifa ya habari, hakohoi, hachoki, hasemi "eeh". Mimi namwita Dada wa Mradi. Ananiuliza kama nyumba ilivuja, kama joto lilizidi, kama milango inafunga vizuri. Mwishoni huuliza: mwezi huu, wageni wangapi waliingia ndani ya nyumba?

Nilimuuliza injinia swali hilo ni la nini. Alisema nyumba ambayo watu wanaingia ni nyumba iliyokubalika, na nyumba ambayo watu hawaingii ni ghala. Alisema wenye kutoa fedha wanaliangalia sana jibu hilo.

Mwezi wa kwanza Dada wa Mradi aliponiuliza, jibu la kweli lilikuwa hakuna. Niliona haya. Nani anaonea haya mashine? Mimi. Nikasema wanne.

Mwezi uliofuata nikasema watano, maana ingeonekana vibaya kupungua. Nikaanza kuwatunga. Shangazi kutoka Kitura na binti yake. Mwalimu mmoja wa kike, mpole, anayependa chai ya tangawizi. Na kwa sababu mama yangu alinilea nisiseme uongo mtupu, nikawa kila Jumapili ya simu nafagia sebule, napanga viti, na kumimina kikombe cha pili. Nilijiambia kwamba mgeni alikaribishwa, kutokuja ni shauri lake. Hicho ndicho kikombe kilichoko mezani sasa hivi, chai imeshaota utando.

Haya, cheka. Mimi mwenyewe nimecheka hadi nikalia.

Uongo wangu haukuwa wa haya peke yake. Sabina nilisoma naye chuo cha uuguzi. Sasa ni nesi katika kijiji cha Kingerikiti, na kwa kukosa nyumba analala kwenye stoo ya zahanati, godoro limebanana na maboksi ya dawa. Masika yote anahamisha godoro na ndoo, ndoo inafuata tundu, godoro linakimbia ndoo. Awamu ya pili ya mradi ikipata fedha, Kingerikiti imo, na kijiji cha Ukata kimo. Ikikosa, Sabina atabaki na ndoo yake. Kila mwisho wa mwezi hunitumia ujumbe ule ule: "Dada, jibu vizuri. Usituharibie." Nami nimekuwa nikijibu vizuri kweli kweli. Kufikia mwezi uliopita wageni wangu walikuwa tisa.

Hakuna hata mwanakijiji mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti hiki. Nimewazalisha watoto wao. Najua nani ana presha na nani anaficha dawa chini ya mto. Wakinikuta sokoni wananiongezea usipa, dagaa wa huku ziwani, juu ya fungu bila kuombwa. Lakini wakija nyumbani wanasimama njiani, kwenye mkorosho, na kuita, "Nesi, kuna mgonjwa." Nikisema karibuni ndani, wanasema hapa hapa panatosha. Hata mvua ikinyesha, hapa hapa panatosha.

Nimetafuta sababu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kwanza nilisema wivu. Baadaye nikasema ni kile kidude cha ukutani cha kupima joto, chenye taa ndogo ya kijani, labda wanadhani kinawapiga picha. Nikakifunika kwa kanga. Injinia akapiga simu kutoka huko aliko kuuliza mbona sebule yangu imepata homa, nikakifunua. Mwisho nikasema ni kwa sababu mimi ni wa milimani, basi, watu wa ziwa wana ziwa lao. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mpaka leo mchana, na iliniuma kuliko zote kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Jana Jumamosi nilipita karibu na kwa Mama Otilia, jirani yangu, mama wa umri wa mama yangu. Mwanawe Kosmas anajenga nyumba kabla ya kuoa. Wanawake walikuwa wamepanga mstari kutoka ziwani, ndoo vichwani, wengine wamepiga magoti wanakandika udongo kwenye fito, miguu yote imekuwa ya rangi moja. Walikuwa wanaimba. Nilisimama barabarani na mfuko wangu wa nyanya. Walinisalimia kwa heshima zote. Hakuna aliyeniambia njoo.

Nilirudi nikapika ugali nikaumwaga wote kwa kuku wa jirani.

Leo mchana, baada ya kanisa, nikasikia naitwa kutoka kwenye mkorosho. Ni Mama Otilia, kijiti cha fito kimemwingia kidoleni tangu jana na kidole kimevimba. Nikamwamkia, nikamwambia, ingia mama, ndani kuna maji ya moto. Akasema hapa hapa panatosha. Basi nikatoa beseni, nikatoa kibano na dawa, nikamtibu mgonjwa wangu amesimama njiani, upepo unapeperusha pamba, mita chache kutoka kwenye sebule yenye viti vinne.

Sijui ni upepo, sijui ni zile nyimbo za jana. Nilimuuliza. Nimewakosea nini, mama?

Hakushtuka. Aliendelea kuangalia kidole chake.

"Siku nyumba yako inakuja," akasema, "tulikuja na ndoo."

Nikakumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka yote kwa mara moja.

Ilikuwa siku ile ya pili, winchi inashusha kipande cha paa. Walikuja wanawake kama kumi, ndoo za maji kichwani, wawili watatu wana majembe, Mama Otilia mbele. Mimi nilidhani wamekuja kushangaa. Nilisimama kwenye kizingiti kipya, nimevaa sare, kiburi kimenijaa hadi kwenye kofia, nikawaambia huku nacheka: rudini tu mama zangu mkapumzike, hapa hakuna kazi, mashine imemaliza yote. Nilidhani nawaonea huruma. Kweli nilidhani hivyo.

Wakamwaga maji pale kwenye mkorosho, mmoja mmoja, wakageuka na ndoo tupu. Maji yakateremka mpaka mlangoni, nami nikanung'unika kwamba wananitilia matope. Jioni nikawapikia wali mafundi wa winchi.

Nikamuuliza Mama Otilia mbona miezi yote hii hakuna aliyeniambia.

"Tungekuambia nini, Nesi? Ulisema hakuna kazi." Halafu akasema, bila hasira, kama anayemweleza mtoto: "Nyumba niliyoichotea maji naingia hata mwenyewe hayupo. Naketi, nakunywa maji, naondoka. Hiyo yako nitaingiaje? Sina kitu changu mle."

Nikamfunga kidole. Akashukuru, akaenda zake.

Kinachonitafuna ni kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Mtu wa mjini angesamehewa. Kwetu Kitura tunaita ngokela: majirani wanakuja na majembe na ndoo zao, wewe unapika, mnafanya kazi, mnakula, na siku nyingine ni zamu ya mwenzio. Huku ziwani wana jina lao, kazi ni ile ile. Nyumba ya mama yangu ilikandikwa hivyo. Kila kipande cha ukuta kilikuwa na mwenyewe. Palipobonyea pale karibu na mlango ni pa Mama Kandida, aliyekandika akiwa mjamzito hakuweza kuinama vizuri. Palipo laini kama kibuyu ni pa shangazi yangu, ambaye hakuacha kutukumbusha. Na walipokuja kututembelea, najua mtasema natunga, kila mmoja alikwenda kuegemea pale alipopakandika. Mama alipofariki walijaa mle ndani wiki nzima, hakuna aliyesubiri kukaribishwa.

Mimi nilikulia kwenye ukuta huo. Halafu nikasimama mlangoni na kuwarudisha watu na maji yao.

Nimeketi hapa mchana wote nikifikiria mikono ile ya chuma ya kiwandani. Siichukii. Wanaoichukia hawajawahi kulala na popo. Serikali imetoa fedha ili jasho lipungue, na limepungua kweli. Ila nadhani hakuna aliyejua kwamba lile jasho lilikuwa na kazi ya pili. Programu ilipewa jua, ikapewa upepo, ikapewa udongo. Nani angeipa Mama Otilia na ndoo yake? Mimi ndiye niliyekuwa naye mlangoni, na nikamrudisha.

Saa kumi na mbili simu ikalia.

Nilikuwa nimeshafagia. Nilikuwa nimeshamimina kikombe. Ujumbe wa Sabina ulikuwa umeingia tangu asubuhi, ule ule. Nilipokea nikijua wageni wangu wa mwezi huu ni kumi, shangazi amerudi na wajukuu. Haikuvuja, nikasema. Joto ni la kawaida. Milango inafunga vizuri, inafunga vizuri mno.

"Mwezi huu, wageni wangapi waliingia ndani ya nyumba?"

Nikamwona Sabina na godoro lake. Nikawaona wanawake wa Kingerikiti, na wa Ukata, wamesimama na ndoo mbele ya winchi, na Sabina kizingitini, amefurahi, anawaambia rudini mkapumzike. Atalala pakavu. Halafu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi atapika chai ya watu wawili.

Nikasema hakuna.

 Dada wa Mradi akasema kwa sauti yake ile ile isiyopanda wala kushuka: "Jibu hili linatofautiana na majibu yako ya miezi iliyopita. Je, una hakika?"

Miezi minane, na huyo ndiye wa kwanza kuniuliza kama ni kweli.  

"Nina hakika. Na miezi iliyopita pia, hakuna. Nilidanganya."

Akanishukuru. Akasema kama nina maoni niyaseme baada ya mlio. Miezi yote nilikuwa nakata simu hapo. Leo nilisema, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema, maana sijui kama kuna binadamu anayeyasikiliza huko.

Nilisema nyumba ni nzuri na Sabina apelekewe yake haraka, kabla ya mvua. Nilisema kosa si la nyumba, ni langu. Halafu nikasema: "Lakini msiimalize. Acheni baraza. Roboti afanye kuta, afanye paa, afanye yote mnayotaka, ila baraza aliache ni udongo mtupu, na kwenye karatasi zenu mwandike kwamba kazi hiyo ni ya majirani. Wakija na ndoo wakute pa kumwaga." Nilikuwa nataka kueleza habari za Mama Kandida na palipobonyea, mlio ukanikatiza. Maoni yako yamepokelewa, akasema Dada wa Mradi.

Nilimwandikia Sabina kwamba leo nimesema ukweli. Amesoma, najua kwa sababu alama zimegeuka bluu. Hajajibu. Ni saa nzima sasa.

Sabina, najua utaisoma na hii. Kama fedha hazitakuja, ujue ni mimi, usimtafute mwingine. Kama zitakuja, siku malori yanapofika usisimame mlangoni. Nakuomba. Weka sufuria kubwa jikoni, hata kama hakuna kazi, itafute kazi. Waambie wakusaidie kujaza shimo lolote. Chimba shimo ikibidi.

Yangu siwezi kuitafutia kazi. Mkataba wa majaribio unanikataza kuongeza hata msumari mpaka mwaka uishe. Nilifikiria kujenga jiko la udongo huko nyuma niwaite, nikasoma tena karatasi, nikaikunja.

Mama Otilia alisema kesho alfajiri wanamalizia chumba cha nyuma cha Kosmas. Hakuniambia nije. Alisema tu, alipokuwa anajaribu kukunja kile kidole kuona kama kitashika udongo. Zamu yangu inaanza saa mbili. Nimetoa ndoo ya kufulia, nimeisugua, nimeiweka kizingitini. Sijawahi kubeba maji ya ziwa kichwani, milimani tulikuwa na mfereji, na naogopa nitayamwaga nusu kabla sijafika na watapata utani wa mwaka mzima.

Huenda wakanisogezea mahali pa kukandika. Huenda Mama Otilia akasimama mlangoni, akanitazama na sare yangu na ndoo yangu, akaniambia kwa upole kabisa, rudi ukapumzike, Nesi, hapa kazi imekwisha. Atakuwa na haki. Nikiambiwa hivyo nitaimwaga pale pale njiani, niigeuze ndoo, na nitembee nayo tupu mpaka nyumbani, hatua kwa hatua, kama walivyotembea wao.